Mlima Uko Upande Gani wa Karatasi

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za stoo, tepu mbili za chuma na koti la mvua ambalo halijawahi kuzuia mvua hata siku moja. Vijana wa ofisini waliniandalia chai na keki, wakaniomba niseme maneno mawili matatu. Nilisema mawili, kwa sababu la tatu lingenitoa machozi mbele ya watu niliozoea kuwakemea. Hilo la tatu ndilo hili ninaloliandika sasa, nikiwa nimekaa barazani kwangu Kibosho, ng'ombe akiniangalia kama anayeuliza mbona leo sijaenda kazini.

Mimi ni Felista, mpima ardhi. Nimepima vihamba kuanzia Masama mpaka Tarakea, na kwa wasiotoka huku, kihamba ni lile shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wenyewe. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani alinipandisha. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kujumlisha, na jinsi kujumlisha huko, pamoja na kwamba kulikuwa sahihi, kulivyokaribia kufukua wafu wa watu.

Ofisi yetu ilikuwa Moshi mjini, chini ya chumba cha fundi cherehani, kwa hiyo miaka yote hiyo nimechora ramani huku dari likitikisika. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Moshi, kilemba safi, viatu vichafu. Alizungumza Kiswahili cha sokoni na Kichaga cha kuombea maji ya kunywa. Siku ya kwanza nilifika na cheti changu ndani ya bahasha na viatu vyenye kisigino. Cheti hakukigusa. Viatu alivitazama kwa muda, akahema, kisha akanipeleka uwanja wa nyuma.

Aliniambia nisimame mbele yake, nitembee hatua thelathini kuelekea mashariki, halafu nigeuke nitembee hatua arobaini kuelekea kaskazini. Nikatembea. Akaniuliza kwa sauti ya mbali nipo hatua ngapi kutoka kwake. Nikajibu sabini, tena kwa kujiamini, maana nilitoka chuoni na alama nzuri. Akaniambia nirudi kwake moja kwa moja nikihesabu. Zilikuwa hamsini.

"Miguu yako imechoka sabini," akasema, "lakini ardhi inakujua kwa hamsini."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa vekta, vipimo vyenye urefu na mwelekeo. Nilijua kuandika mshale juu ya herufi na nilijua kanuni. Nisichojua ni kwamba kanuni ile inakanyagika. Harbans alinifundisha upya kwa kalamu ya risasi na daftari lenye safu mbili. Kila mstari unaoupima shambani, hata ukiwa umekaa mshazari namna gani, ugawe vipande viwili: umekwenda mashariki kiasi gani, na umekwenda kaskazini kiasi gani. Ukielekea magharibi, andika mashariki kwa alama ya kutoa. Ukielekea kusini, vivyo hivyo kwa kaskazini. Mashariki jumlisha na mashariki, kaskazini na kaskazini, na safu hizo mbili zisitembeleane. Mimi nilizoea kusema zilikuwa kama mke na mume waliogombana, wanakula meza moja lakini hawasemeshani mpaka mwisho wa hesabu.

Halafu akanipima hatua. Alinyoosha tepu mita mia, nikatembea mara tano, tukakuta hatua yangu moja ni sentimita sabini. Kwa hiyo zile thelathini mashariki zilikuwa mita ishirini na moja, na zile arobaini kaskazini zilikuwa mita ishirini na nane. Unazidisha vipande vyote viwili kwa namba ileile, na mwelekeo haubadiliki hata chembe; kinachobadilika ni urefu tu. Ukizidisha kimoja ukasahau cha pili umegeuka njia. Nimeona mhandisi mzima akifanya kosa hilo, na mfereji wake wa maji mpaka leo unaelekea nyumbani kwa mtu ambaye hakuomba maji.

Nyinyi vijana wa leo mna vifaa vya setilaiti. Mnasimama penye kona, mnabonyeza, mnapata namba zenu mbili, mnahamia kona ya pili. Sisi ndani ya migomba hatukuona mbele zaidi ya mita hamsini, na mwenye kihamba hakukubali ukate hata jani. Basi tulikwenda kwa mistari mifupi mifupi tukizunguka. Mstari wa kwanza labda mashariki arobaini, kaskazini thelathini. Wa pili mashariki thelathini, kusini arobaini. Kila mmoja ni mita hamsini, kwa hiyo umetoa jasho la mita mia, lakini ukijumlisha safu zako unakuta umesogea mashariki sabini na kusini kumi, yaani mita sabini na kidogo tu kutoka pale ulipoanzia. Wateja wengi walidhani tunawaibia. Mzee mmoja alinifuata kona zote akihesabu hatua zake kwa Kichaga, na mwisho akanionea huruma, akanipa ndizi.

Ukimaliza kuzunguka na kurudi kwenye jiwe ulipoanzia, jumla ya mashariki lazima iwe sifuri, na ya kaskazini sifuri, kwa sababu hujaenda popote. Haiwi sifuri kamwe. Kuna sentimita tatu hapa, tano pale, kwa kuwa tepu imelegea au macho yamechoka. Kosa dogo kama hilo tulilichukua tukaligawa, kila mstari ukabeba kipande chake kulingana na urefu wake. Harbans alikuwa na msemo wake: kosa dogo lina ndugu wengi wa kulibeba, kosa kubwa halina wa kugawana naye. Nilidhani anazungumzia tepu.

Sasa nieleze la Rombo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa mwaka wangu wa tisa kazini. Katika kijiji kimoja karibu na Tarakea kulikuwa na mama mjane, Mama Perpetua, na shemeji yake, Mzee Valerian. Baba mkwe wa Perpetua, kabla hajafa, aligawa kihamba kwa wanawe wawili. Mpaka ulianza kwenye jiwe kubwa jeusi ukanyooka hadi kwenye kona iliyopandwa masale, mmea ule wa majani marefu tunaopanda mipakani huku kwetu. Jiwe lilikuwepo bado. Masale hayakuwepo, yaling'olewa wakati wa kupanua shamba la mahindi, enzi mume wa Perpetua yuko hai, na hakuna aliyejali kwa sababu ndugu wale walikuwa wanakula chungu kimoja. Mume akafariki. Binti yao naye akafariki, akazikwa karibu na baba yake. Valerian, aliyekuwa ameishi miaka mingi mjini akifanya biashara, akarudi nyumbani, na hapo swali la kona likaja kwa adabu zote: ilikuwa wapi?

Hawakuwa watu wabaya, naomba hilo lieleweke. Walikwenda wenyewe kwenye baraza la ardhi la kata, na baraza likatuandikia barua.

Ushahidi pekee ulikuwa karatasi ya daftari la shule ambayo yule baba mkwe aliichora kwa mkono wake. Ilionyesha jiwe, mstari unaopanda kuelekea juu ya karatasi umeandikwa hatua ishirini, kisha mstari wa kulia umeandikwa hatua nane, na mwisho mchoro wa majani: masale. Pembeni aliandika kwamba kutoka barabarani hadi mlango wa nyumba ni hatua themanini. Hapo nilifurahi sana. Nikapima njia ile, nikapata mita sitini. Hatua ya marehemu, basi, ilikuwa robo tatu ya mita. Nikazidisha vipande vyangu: ishirini ikawa mita kumi na tano, nane ikawa mita sita. Nikaandika kwenye safu zangu: kaskazini kumi na tano, mashariki sita. Nikasimika tiodolaiti, kile kifaa cha kupimia pembe, juu ya jiwe, nikaielekeza kaskazini kwa dira, nikapima, nikapigilia kigingi.

Kisha nikahakiki, maana nilifundishwa kuhakiki. Kutoka jiwe hadi kona, kwa hesabu, ilitakiwa iwe mita kumi na sita na sentimita kumi na sita. Nikavuta tepu. Ilikuwa hivyo hasa, sentimita kwa sentimita.

Mstari mpya ulipita upande wa chini wa makaburi. Makaburi yote mawili yakaangukia kwa Valerian.

Mama Perpetua alikuwa amesimama na kanga mabegani, ukungu umetanda juma zima mpaka mlima hauonekani kabisa. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka penye kigingi, akakitazama, akaniambia, "Mwanangu, si hapa. Masale yalikuwa kule, ng'ambo ya makaburi. Nimeyapalilia mimi."

Nikamjibu, "Mama, hesabu haina upendeleo."

Maneno yale nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Niliyasema kwa upole, na huo upole ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu nilijiona namsaidia kukubali. Valerian alikuwa akiangalia chini. Baadaye alisema mbele ya baraza kwamba yeye hakumbuki kona ilikuwa wapi, na kama karatasi ya baba inasema hivyo, atafuata karatasi ya baba. Ripoti ikaandikwa, mimi nikaweka sahihi, Harbans akaweka yake juu ya yangu.

Miezi ikapita. Nikasikia kwa watu wa baraza kwamba Valerian anataka kujenga nyumba ya mwanawe mahali pale, na kwamba amemwambia shemeji yake, kwa heshima, kuwa atayahamisha makaburi kwa gharama zake mwenyewe, padri atakuja, kila kitu kitafanywa sawasawa, kabla mvua hazijaanza. Perpetua alianza kwenda makaburini kila siku asubuhi na kigoda chake, akakaa. Niliposikia nilisikitika kama mtu anavyosikitikia habari ya redio, nikaendelea na kazi.

Nikatumwa Masama, upande wa pili wa mlima, kwa mzee aliyetaka kuwagawia wanawe shamba la kahawa. Nikamwomba anichoree mipaka yake. Akachora kwenye karatasi yangu, vizuri tu, na mimi nikaishika dira nikaigeuza karatasi ili ikae sawa na kaskazini ya kweli. Mzee akaigeuza tena kama alivyoiweka. Nikaigeuza. Akaigeuza.

"Mama mpima," akasema, "mbona unaulaza mlima ubavu?"

Nikainua macho. Kwao Masama mlima uko kaskazini mashariki, na asubuhi hiyo ulikuwa wazi kabisa, theluji ile iliyobaki ikiwaka. Juu ya karatasi yake palielekea kule kule. Nikamuuliza kwa nini ameanza na mlima. Akanishangaa. Akasema maji yanatoka huko, mfereji unatoka huko, mtu akiuliza njia unamwambia panda au shuka; wewe ungeanzia wapi?

Mimi ni mtu wa Kibosho. Kibosho ukitoka mlangoni mlima uko kaskazini. Toka nizaliwe, kupanda na kwenda kaskazini vilikuwa kitu kimoja, na nilipofika chuoni nikakuta ramani zote zimeweka kaskazini juu, nikaona ulimwengu mzima umekubaliana na bibi yangu. Kwa hiyo sikuwahi kuuliza. Lakini Rombo iko mashariki ya mlima. Rombo ukipanda unakwenda magharibi, na ukiutazama mlima, mkono wako wa kulia uko kaskazini. Yule baba mkwe alichora kama wazee wote wa huku wanavyochora, mlima ukiwa juu ya karatasi. Mita zake kumi na tano hazikwenda kaskazini. Zilikwenda magharibi. Na mita zake sita hazikwenda mashariki, zilikwenda kaskazini.

Nilikaa chini palepale kwenye kahawa ya mzee wa watu, nikaandika mgongoni mwa karatasi yake. Nilichoweka: mashariki sita, kaskazini kumi na tano. Kilichotakiwa: magharibi kumi na tano, kaskazini sita. Nikatoa kimoja katika kingine. Kigingi changu kilikuwa kimekosea mita ishirini na moja upande wa mashariki na tisa upande wa kaskazini. Na uhakiki wangu? Umbali kutoka kwenye jiwe ni uleule, kumi na sita na sentimita kumi na sita, njia zote mbili. Umbali hauulizi unaelekea wapi. Hesabu ilikuwa safi. Ni mihimili, ile mistari ya mashariki na kaskazini, niliyoisimamisha vibaya, na mtu pekee aliyeniambia ukweli nilimjibu kwa upole wa kijinga.

Mzee aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nisiwadanganye kwamba nilikimbilia Rombo. Kwenye gari la kurudi Moshi nilikuwa nahesabu watu wanaoweza kujua: hakuna. Karatasi ile ingeweza kusomwa vile nilivyoisoma na wapima kumi wengine. Ripoti imekubaliwa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na jina zuri. Usiku sikulala, asubuhi nikaenda kwa Harbans na karatasi mbili, ya Rombo na ya Masama, nikaziweka mezani. Wakati ule alikuwa ameanza kuona kwa shida. Alizisogeza karibu na pua, akaigeuza ya Rombo robo mduara. Fundi cherehani juu akaendelea kukanyaga mashine yake.

Nilitegemea ama anifukuze ama aniambie tuinyamazie. Alisema tu, "Na mimi nimeweka sahihi." Kisha akaniuliza kama nakumbuka kosa kubwa hugawanywa vipi. Nikamwambia nakumbuka. Akachukua kalamu akaandika barua kwa baraza, mistari mitano, neno "tumekosea" likiwa la pili. Akaniambia barua itakwenda kwa baraza, lakini kwa yule mama barua haitoshi.

Hilo nililijua bila kuambiwa. Huku kwetu ukimkosea mtu kosa zito, humwendei mikono mitupu, wala hupeleki sukari. Unapeleka isale. Ni mmea uleule wa mpakani. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa kwako, hata uwe na hasira ya kuua, ni lazima uketi na kumsikiliza aliyelileta. Nikakata jani nyuma ya nyumba ya mama yangu, nikamwomba shangazi anisindikize, tukaenda Rombo.

Tulimkuta palepale kwenye kigoda, kati ya makaburi mawili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama vile nilikuwa jirani. Nikampa jani kwa mikono miwili. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na nikamweleza yote: kwamba aliyoyasema yeye yalikuwa kweli, kwamba mlima wa Rombo niliuweka kaskazini kana kwamba niko Kibosho, na kwamba makaburi yako kwake na hayatahamishwa ikiwa baraza litanisikiliza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kwelikweli, mbele ya kigoda chake.

Mama Perpetua akalilaza jani mapajani. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akasema, "Ungeniuliza tu siku ile. Ningekuonyesha kwa kidole."



Baraza lilikaa wiki iliyofuata. Nilichora karatasi ile ubaoni, nikawaomba wajumbe waniambie mlima uko wapi kwenye mchoro wa marehemu. Wote saba wakaonyesha juu, bila kufikiri, na mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anayechora vingine. Nikasema yupo, ni mimi. Tukaenda shambani. Safari hii nilipima magharibi kumi na tano, kaskazini sita, na nikamwomba Valerian mwenyewe achimbe mahali pa kigingi. Jembe likagonga mizizi myekundu iliyooza nusu. Kila Mchaga anaijua mizizi ya isale. Valerian alisimama akiishika mkononi, halafu akamwendea shemeji yake, akasema karibu aung'oe mfupa wa ndugu yake kwa namba za mtu mwingine. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Nyumba ya mwanawe aliijenga chini, karibu na barabara, na ni nyumba nzuri.

Tangu siku ile, katika kila daftari langu, ukurasa wa kwanza, kabla sijaandika namba yoyote, nachora mshale wa kaskazini na mshale wa mlima, na namwomba mwenye shamba auone. Vijana wamenicheka kwa hilo. Hata walipokuja na vifaa vya setilaiti niliwaambia wauchore. Kifaa kitakupa mashariki na kaskazini kwa usahihi ambao Harbans hakuuota, na Mungu amrehemu, lakini hakijui mzee aliyechora karatasi alikuwa ameketi akitazama wapi. Mtu anajua. Muulize, na akikujibu usimfundishe.

Mwaka juzi, Mama Perpetua akaniita. Alikuwa amezeeka sana, anatembea na fimbo, lakini simu alipiga mwenyewe. Aliniambia nije na tepu na karatasi, asiseme zaidi. Nikafikiri kuna mgogoro mwingine. Nilipofika nikamkuta na Valerian, naye mvi kichwa kizima, wameketi wanakunywa uji.

Akanipeleka kwenye kona, penye bikoni, ile nguzo fupi ya saruji tuliyoisimika badala ya kigingi. Akasema anataka nimpimie mahali pake. Pawe katikati kabisa ya mume wake na binti yake, asimwegemee mmoja akamkosea mwingine. Nikamwambia ni rahisi, navuta tepu kati ya makaburi mawili, nagawa kwa mbili. Akakataa. Makaburi ni udongo, akasema, watoto wa watoto watayasahau, misalaba itaanguka. Anataka ianzie kwenye bikoni, iwe kwenye karatasi, na mlima uonyeshwe.

Basi tukapima. Mimi nilishika mwanzo wa tepu penye bikoni, na aliyeshika mwisho wake alikuwa Valerian. Kaburi la mume: mashariki mita mbili, kaskazini nne. Kaburi la binti: mashariki sita, kaskazini mbili. Nikaandika kwenye safu mbili kama siku ya kwanza. Mashariki na mashariki, nane. Kaskazini na kaskazini, sita. Nusu ya zote mbili: mashariki nne, kaskazini tatu. Mita tano kamili kutoka kwenye bikoni.

Nikapigilia kigingi. Nikamsomea karatasi, nikamwonyesha mshale wa kaskazini na mshale wa mlima. Akaichukua, akaigeuza kidogo mpaka mshale ule ukaelekea kwenye mlima wenyewe, akaridhika. Kisha akaenda akasimama penye kigingi, fimbo mkononi, akatazama upande wa mume wake, akatazama upande wa binti yake, na akamgeukia shemeji yake.

"Sasa atakayetaka kunihamisha," akasema, "aje na hesabu zake."

Valerian alicheka kwanza, kisha akainama, akaanza kukunja tepu taratibu, uso ameuficha.